Shule ilipohama, watoto wakapanda gari

Asubuhi hapa Nyalikungu, makao makuu ya Wilaya ya Maswa, wanafunzi wengi bado wanakwenda shule kwa miguu pembeni mwa lami. Katikati yao hupita bodaboda yenye mshikaki wa watoto watatu wenye sare, na mara mojamoja Hiace ya njano. Lami yenyewe ni ya juzi. Ilifika kutoka Mwigumbi katika miaka ya 2010, ikaja na mwendo.

Gari la shule nalo si la zamani. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, na madarasa yakajengwa vijijini, karibu na nyumba. Shule ilimfuata mtoto. Mambo yaligeuka Sheria ya Elimu ya 1978 iliporekebishwa mwaka 1995 na shule binafsi zikapata nafasi. Mzazi akaanza kuchagua shule, hata iliyo mbali, na mtoto ndiye akawa anaifuata. Mwenye shule akajikuta pia msafirishaji, kazi ambayo hakuisomea, akiwa na Rosa, Kosta au Hiace iliyokwisha kutumika Japani.

Rangi tuliiazima mbali zaidi. Mwaka 1939 jijini New York, Frank Cyr wa Chuo Kikuu cha Columbia aliwakutanisha wataalamu wakapanga viwango vya mabasi ya shule. Njano ikachaguliwa kwa kuwa maandishi meusi juu yake husomeka hata alfajiri. Lakini rangi haifungi breki.

Mei 6, 2017, wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya Lucky Vincent, Arusha, walikuwa wakienda Karatu kufanya mtihani wa ujirani mwema, ule wa kujipima na shule nyingine kabla ya mtihani wa taifa. Mvua ilikuwa inanyesha. Eneo la Rhotia, basi liliacha njia likatumbukia katika korongo la mto Marera. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu tu walitoka hai, wakapelekwa kutibiwa Sioux City, Marekani, wakarudi Agosti. Tangu siku ile, mzazi anayesaini fomu ya safari ya shule huuliza gari gani na dereva nani. Zamani tulikuwa tunauliza nauli.

Julai 2022, gari la shule lilianguka Mikindani, Mtwara, likaua zaidi ya watu kumi. Mwaka uliofuata Serikali ikazuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano. Uamuzi mwema, ila uliongeza barabarani abiria wadogo zaidi, wanaosinzia asubuhi na wasioonekana wakipita nyuma ya gari. Mwaka 2024 ukatoka waraka wa kutaka kila basi la shule liwe na wahudumu wawili, mwanamke na mwanamume. Ndio wanaomshika mtoto mkono hadi ng'ambo ya barabara.

Waraka huo ni wa mabasi. Yule wa katikati kwenye mshikaki, begi likiwa limebanwa kati yake na mgongo wa dereva, hana mhudumu. Akifika hushuka upande wowote pikipiki itakaposimama.