King Majuto, mchekeshaji wa Tanga aliyeibua suala la mikataba

KATIKA Mkoa wa Tanga, kuanzia mjini pwani hadi vijiji vya Milima ya Usambara kama Mgwashi wilayani Lushoto, jina la King Majuto halihitaji maelezo kwa mpenzi wa vichekesho.

Jina lake halisi ni Amri Athumani. Alizaliwa mwaka 1948 mkoani humo, akasoma Shule ya Msingi Msambweni mjini Tanga, na mwaka 1958, akiwa bado mtoto, alianza kuigiza jukwaani.

Enzi hizo msanii hakuwa na kamera ya kumsaidia. Televisheni ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara katika miaka ya 1990, hivyo kwa zaidi ya miaka 30 Majuto aliijua hadhira kwa kuitazama usoni. Katika maigizo ya jukwaani mazungumzo mengi hayaandikwi. Mwigizaji huelezwa kisa na nafasi yake, maneno akayatunga papo hapo, na asipochekesha hujua hapo hapo.

Mafunzo hayo ndiyo aliyoingia nayo kwenye filamu. Alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa mwanzo nchini kurekodi vichekesho katika kanda za video. Soko la filamu za Kiswahili lilipokua katika miaka ya 2000, watayarishaji vijana walimfuata yeye, naye akaonekana katika filamu nyingi, ikiwamo Mume Bwege.

Mara nyingi alikuwa mzee mbishi, mwepesi wa hasira, asiyekubali kushindwa na mtoto wa jana. Ndiyo maana alipendeza alipokutanishwa na Hussein Mkiety, maarufu Sharo Milionea, kijana wa Muheza aliyejifanya mtanashati wa mjini. Ushirikiano huo ulikatizwa Novemba 26, 2012, Sharo Milionea alipofariki dunia katika ajali ya gari wilayani Muheza.

Lakini umaarufu na kipato ni mambo mawili tofauti. Katika biashara ya filamu za wakati huo, mara nyingi msambazaji alinunua kazi kwa malipo ya mara moja, kisha nakala zikauzwa bila mwigizaji kupata kitu zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu mwaka 1999, na stempu za kodi kwenye kazi za wasanii zilianza kutumika mwaka 2013. Hata hivyo, sheria haimsaidii sana aliyetia saini mkataba bila mwanasheria pembeni.

Suala hilo lilifika serikalini mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa. Yalizuka madai kwamba matangazo ya biashara aliyoigiza hayakumpa stahiki zake. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Dk Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii.

Mwaka huo huo Majuto alipelekwa India kwa matibabu, kisha akarejea nchini. Alifariki dunia Jumatano, Agosti 8, 2018, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 70. Alizikwa Tanga.