Baraza Lililodumu Miezi Mitano



Kuvuka hori la Dubai kwa abra, kutoka Bur Dubai hadi Deira, ni safari ya dakika chache. Wengi wetu huvuka tukiwaza bei ya mzigo wa kupeleka nyumbani. Lakini mwaka 1938 maji haya yalikuwa mpaka. Upande wa Bur Dubai alikaa mtawala, Sheikh Saeed bin Maktoum. Ng'ambo ya Deira walikaa binamu zake na wafanyabiashara waliotaka mabadiliko. Pande zote mbili zilikuwa na bunduki.

Habari hii nimeikumbuka baada ya mkutano wa chama chetu kimoja cha kusaidiana, kile tunachochangia ili ndugu akifariki huku maiti yake ifike kwao. Vijana walitaka hesabu zihamishiwe kwenye kompyuta na mweka hazina abadilishwe siku hiyo hiyo. Wazee walisimama wakaondoka na daftari lao.

Turudi 1938. Dubai iliishi kwa lulu. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929, pamoja na lulu za kufugwa za Wajapani, uliiua biashara hiyo. Wakati mji ukifilisika, mtawala alianza kupata fedha mpya kutoka kwa Waingereza: mwaka 1937 zilitiwa saini haki za kutafuta mafuta, na ndege za majini zikaanza kutua horini. Fedha hizo ziliingia mfukoni mwake. Watu wakauliza: mapato ya nchi ni ya nani?

Mwezi Oktoba 1938, Waingereza wakiwa kati, pande hizo zilipatana. Likaundwa baraza la watu 15, Sheikh Saeed akiwa mwenyekiti. Sehemu saba kati ya nane za mapato zingepita mikononi mwa baraza, naye angebaki na moja. Wanabaraza walifanya kazi kweli kweli: walitengeneza forodha, walipanga halmashauri ya mji, walishughulikia shule.

Tatizo ni kwamba mwenyekiti alikuwa wa jina tu. Aliacha kuhudhuria, nao wakaendelea kupitisha maamuzi bila yeye. Machi 1939 wakaamua kumwekea posho maalum. Waswahili tunasema fahali wawili hawakai zizi moja. Tarehe 29 ya mwezi huo kulikuwa na harusi ya mwanawe, Sheikh Rashid, na harusi hiyo ilifanyika Deira. Mabedui watiifu kwa mtawala waliingia mjini kama wageni wa harusi. Baraza likaangushwa kwa risasi.

Lakini kisa hakiishii hapo. Rashid, ambaye harusi yake ilitumika kulivunja baraza, ndiye baadaye aliyetekeleza sehemu kubwa ya mipango yake. Miaka ya 1950 Dubai ikapata manispaa, na forodha ikawekwa sawa. Hori lilikuwa limejaa mchanga. Hili ndilo hori ambamo majahazi yalileta boriti za Lamu na Rufiji, zilizoezekea nyumba za zamani za mji huu. Rashid alikopa Kuwait, akawauzia wafanyabiashara hati za dhamana, na kati ya 1959 na 1961 hori likachimbwa. Matajiri wa mji walikuwa wameweka fedha zao humo, kwa hiyo kila mmoja alitaka kazi ifanikiwe.

Tusimpambe mno. Alizichukua kazi za baraza, lakini mamlaka yake hakuyarudisha. Wenzetu wa 1938 walitaka pia wananchi waisimamie hazina, na hilo halikupatikana. Kwa hiyo atakaye mabadiliko ajiulize kwanza kama anataka huduma au usimamizi, maana moja linaweza kuja bila jingine.

Chama chetu kinahitaji vyote viwili. Vijana hawakukosea kudai hesabu wazi. Walichosahau ni kumpa yule mzee nafasi katika mpango wao, mzee aliyelishika daftari miaka yote na anayejua nani alichanga kipindi cha shida. Akikaa kando ya kijana mwenye kompyuta, akimsomea majina, hesabu zitahama na heshima yake itabaki. Tukishindwa hilo, ndugu atakayefariki kesho atangojea mochari huku sisi tukigombea daftari.

Wasalaam.