Kabla hujang'oa chai yako

Ndugu mkulima wa Masoko, na wewe unayenunua ndizi na parachichi vijijini,

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Bwana shamba, ning'oe chai nipande parachichi?" Kabla ya kujibu, tuangalie tulikotoka.

Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, walikuta migomba na maharage vinalisha watu kwenye udongo huu wa volkano. Kahawa ya kuuza ilikuja baadaye. Miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa, kule Chunya, iliwavuta vijana wengi. Waliobaki nyumbani nao walipata fedha, kwa sababu wachimbaji walihitaji chakula. Dhahabu ilipopungua, shamba lilikuwa bado lipo.

Kahawa nayo ikatufunza. Julai 1989 mgao wa kimataifa wa kuuza kahawa ulisimamishwa, na bei ya dunia ikaanguka vibaya. Mwenye mibuni mitupu aliumia. Mwenye migomba katikati ya mibuni aliendelea kula na kupeleka mikungu sokoni.

Chai ina shida yake. Majani mabichi hayasubiri, lazima yafike kiwandani mapema yakiwa hayajaharibika. Gari likichelewa, hasara ni yako. Ndiyo maana wakulima wadogo wa Rungwe waliungana katika chama chao, wakapata hisa katika kampuni yenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Walitaka sauti pale ambapo jani linageuka kuwa fedha.

Sasa jibu langu. Parachichi ni zao zuri, lakini bei yake inapangwa mbali, kama ya kahawa, na tunda lililochumwa halisubiri, kama jani la chai. Kwa hiyo:

1. Using'oe chai yote. Anza na kipande, maana mche uliobebeshwa huchukua miaka kama mitatu kabla ya kukupa mavuno.
2. Migomba na maharage ya nyumbani usiyaguse.
3. Kabla ya kununua miche, mjue mnunuzi. Muulize nani anabeba hasara ya matunda yanayokataliwa, na jibu liandikwe.
4. Uzeni kwa kikundi, mkiwa na mizani yenu.

Mazao ya fedha yamekuja na kuondoka hapa. Mgomba umebaki.