Beni na lelemama: ngoma za njiani Mombasa

Beni, ngoma ya gwaride, ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, Waingereza walipokuwa wakijenga himaya yao na reli ya Uganda ikianza kutoka Mombasa. Vijana walisikia matarumbeta na ngoma za mabaharia na askari, wakatazama gwaride, wakavitia vyote katika desturi kongwe zaidi, mashindano ya mitaa. Kabla ya kuja Waingereza, wenyeji wa Mombasa, waliogawika katika makundi mawili, Taifa Tatu na Taifa Tisa, walikuwa wakishindana kwa ngoma na tungo. Anayeiita beni uigaji mtupu anasahau historia hiyo.

Mjini vilitamba vyama viwili, Kingi na Scotchi. Kila kimoja kilikuwa na mfalme wake, maofisa wenye vyeo, sare na wapigaji. Siku ya ngoma, msafara ulipita njiani na watu wakajipanga pembeni: watoto, wachukuzi, wafanyabiashara, wageni waliotoka majahazini. Hakuna aliyetozwa kiingilio. Gharama zote zilibebwa na wanachama, kwa michango ya sare, ala na karamu za kumkirimu mpinzani hadi ashindwe kurudisha ukarimu huo. Heshima ilipatikana kwa kutoa mbele ya kadamnasi, ndiyo maana ngoma haikuweza kufungiwa uani. Bila watazamaji wa kushuhudia, mshindi asingejulikana.

Vita Kuu ya Kwanza iliichukua beni mbali. Askari na wapagazi waliifikisha bara, na Dar es Salaam kulikuwa na vyama vya Marini na Arinoti. Serikali za kikoloni ziliitilia shaka, zikihofia kwamba vyama vyenye matawi katika miji mingi na vyeo vya kijeshi vingeweza kuficha siasa. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia safari hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1975.

Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na lelemama, na hapa ndipo historia hii inapokuwa nzito zaidi. Wachezaji walisimama safu moja, wakichezesha mikono taratibu huku wakiimba, na nyimbo zao zilisheheni mafumbo ya kumchoma mpinzani. Vyama vyao navyo vilikuwa na vyeo na uhasama wa kudumu. Banu Saada na Ibinaal Watan ndivyo vilivyokumbukwa zaidi. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, lakini nasaba iliendelea kuwatenganisha watu kwa muda mrefu. Katika lelemama, waliozaliwa waungwana na wenye asili ya utumwa waliweza kuwa chama kimoja, wakichanga pamoja na kutetea jina moja. Hayo yalifanyika nje, watu wakiona, katika mji ambao mwanamke wa heshima alitarajiwa kukaa ndani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ngoma hizi zilianza kufifia. Dansi na sinema ziliwavuta vijana, wanazuoni walizikemea, na waliosoma shule waliziona za kizamani. Hata hivyo, ujuzi wa kuitisha watu na kukusanya fedha haukupotea. Miaka ya 1950 wanawake wa Kiislamu wa Mombasa waliunda vyama vya maendeleo vilivyohimiza elimu ya wasichana, na ushindani wa lelemama ukahamia humo.