Kwanza Hewa: Vijana wa Freedom House

Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, hadi miaka ya 1960 mtu aliyeanguka barabarani alibebwa na polisi kwa gari lile lile la kusombea mahabusu. Alilazwa nyuma kwenye machela, askari wakakaa mbele, safari ikaanza. Kama ulimi ulikuwa umemziba koo, ingejulikana mlangoni mwa hospitali.

Peter Safar, daktari wa nusukaputi mzaliwa wa Vienna, hakuridhika na hali hiyo. Awali, miaka ya 1950, akiwa mjini Baltimore, aliwapa watu waliojitolea dawa ya kulegeza misuli hadi wakashindwa kupumua, kisha wenzao wakawapulizia hewa kinywa kwa kinywa. Alithibitisha kwamba kichwa kikilazwa nyuma na taya kuinuliwa, njia ya hewa hufunguka, na hata asiye daktari anaweza kumpumulia mwenzake. Akaweka mpangilio: kwanza njia ya hewa, kisha pumzi, kisha mzunguko wa damu. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kufa baada ya dakika chache. Mfupa uliovunjika unaweza kungoja. Kidonda kinachotisha macho mara nyingi sicho kinachoua.

Mwaka 1966 Safar alimpoteza binti yake Elizabeth kwa pumu. Novemba mwaka huo huo David Lawrence, gavana wa zamani wa Pennsylvania, alianguka akihutubia mkutano, akakimbizwa hospitali na polisi. Moyo ulirudi kupiga, lakini ubongo ulikuwa umeharibika kwa kukosa hewa.

Mwaka uliofuata Safar aliungana na Phil Hallen, aliyeongoza mfuko mmoja wa hisani, na shirika la Freedom House la Hill District, mtaa wa Wamarekani weusi ambako polisi wakiitwa walichelewa au hawakufika kabisa. Walianzisha huduma ya magari ya wagonjwa, wakaajiri vijana wa mtaa huo, wengi wakiwa hawana kazi, baadhi wakitoka vita vya Vietnam, na kuwafundisha kwa saa 300 hivi. Walijifunza anatomia, wakafanya mazoezi kwenye vyumba vya upasuaji na wodi za dharura. Mwaka wa kwanza waliitikia wito zaidi ya 5,000.

Jambo lililokuwa jipya ni kwamba hawakuharakisha kumbeba mgonjwa. Walipiga magoti pale pale alipolala, wakasikiliza pumzi, wakashika mshipa, wakatazama rangi ya ngozi, wakawauliza jamaa ameanzaje na anatumia dawa gani. Waliondoka wakijua wanambeba mtu mwenye tatizo gani. Dakta Nancy Caroline, aliyekuja kuwasimamia katikati ya miaka ya 1970, alipanda nao magari na kuwasahihisha kazini. Mafunzo hayo yakawa msingi wa mtaala wa taifa zima.

Kwa maoni yangu, waliofanya kazi hiyo walidhulumiwa. Oktoba 1975 serikali ya mji ilifunga Freedom House na kuanzisha huduma yake yenyewe. Wahudumu weusi walipewa mitihani mipya, wakashushwa vyeo, na wengi wao wakasukumwa nje ya kazi waliyoianzisha. Nawaomba walimu wa huduma ya kwanza, wanapofundisha kufungua njia ya hewa, waitaje Freedom House.