Mwalimu Alipotakiwa Kuchagua

Ndugu msomaji, usidhani kwamba mtu hujijua kabla hajabanwa. Mtazame Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Butiama, aliyeanza masomo Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Alijiona mwalimu, basi. Mwaka 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, alitakiwa achague: kusomesha Pugu au TANU. Akaacha mshahara, naye ana mke na watoto wachanga! Akarudi kwao Butiama, akawa anamfundisha padri mmoja Kizanaki. Kabla mwaka haujaisha alirejea Dar es Salaam, akapokewa na kina Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz, Waislamu wenzetu. Baadaye alikuwa akisema kuwa ualimu aliuchagua mwenyewe. Siasa ilimzukia tu.