Meza za Leicester: Kula Nje katika Mji wa Wenye Miiko

Leicester ni mji wa viwanda ulioko katikati ya Uingereza, ambao kwa muda mrefu uliishi kwa kufuma soksi na kushona viatu, wala haukuwa miongoni mwa miji ambayo wasafiri waliitaja kwa ladha ya maakuli yake. Jibini yake nyekundu ilisifika, na pai ya nyama ya nguruwe ya Melton Mowbray, mji wa jirani, ilisifika zaidi. Lakini vitu hivyo aghalabu vilinunuliwa sokoni vikaliwa nyumbani. Historia ya kula nje mjini humo, kwa kadiri nionavyo, ilitengenezwa hasa na watu wenye miiko: kwanza Wakristo waliojiharimishia pombe, kisha, baada ya karne na zaidi, Wahindi waliojiharimishia nyama. Wale waliokula na kunywa kila kitu hawakuacha athari kubwa kama hiyo.

Kabla ya hao wote, mgeni mwenye njaa alikwenda katika nyumba za wageni, ambamo chakula, kitanda, bia na malisho ya farasi vilipatikana mahali pamoja. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Blue Boar, ambamo husimuliwa kwamba Mfalme Richard III alilala mwezi wa Agosti 1485, alipokuwa akielekea Bosworth kwenye vita vilivyomtoa roho. Nyumba ile ilibomolewa mwaka 1836, na mifupa ya mfalme mwenyewe ikafukuliwa mwaka 2012 chini ya kiwanja cha kuegeshea magari. Tukiwa bado katika zama hizo za nyumba za wageni, si vibaya kumtaja Daniel Lambert, mlinzi wa gereza la Leicester, aliyefariki mwaka 1809 akiwa na uzito wa ratili 739, na ambaye watu walitoa fedha ili wamtazame. Walioandika habari zake wanashuhudia kwamba alikula kwa kiasi na kinywaji chake kilikuwa maji matupu. Naam, hata mtu mnene kuliko wote katika historia ya mji ule alikuwa na mwiko wake.

Miiko yenye kujenga majumba, hata hivyo, ilikuja na Thomas Cook, seremala na mhubiri wa Kibaptisti, aliyekula kiapo cha kuacha ulevi mwaka 1833. Tarehe 5 Julai 1841 aliwasafirisha watu wapatao 500 kwa garimoshi kutoka Leicester hadi Loughborough, kwa nauli ya shilingi moja, wakahudhurie mkutano wa wapinga pombe. Na safari ile, ambayo leo hutajwa kuwa chimbuko la biashara ya utalii, asili yake ilikuwa hila njema ya kuwapatia wafanyakazi tafrija isiyokuwa na chupa. Mwaka 1853 alifungua hoteli katika barabara ya Granby Street, ambamo mkewe Marianne alisimamia meza na vyumba, na hakuna tone la kileo lililouzwa humo. Msafiri alipata chakula cha moto na chai, na kwa mfanyabiashara wa zama zile, aliyezoea kwamba mapatano yote hufungwa kwa glasi mkononi, hilo lilikuwa jambo geni sana.

Kilichofuata kilikuwa kikubwa zaidi. Mwaka 1877 iliundwa kampuni ya nyumba za kahawa na kakao, kwa nia ya kumvuta mfanyakazi kutoka baa kwa kumpa kila alichokifuata huko ila pombe: joto, mwanga, magazeti, mazungumzo, na chakula cha bei nafuu. Waanzilishi wake walitambua jambo ambalo wahubiri wengi hawakulitambua, nalo ni kwamba mtu haendi baa kwa ajili ya kiu peke yake, bali pia kwa kuwa nyumba yake ni ndogo, yenye baridi na kelele za watoto. Basi wakaamuru nyumba zao ziwe nzuri kushinda baa. Mchoraji wa majengo Edward Burgess aliwajengea nyumba ya kahawa ya East Gates mwaka 1885, na nyingine kadhaa, zenye madirisha mapana na mapambo ambayo hata leo humsimamisha mpita njia.

Kilele cha ufundi huo ni Turkey Café ya Granby Street, iliyofunguliwa mwaka 1901. Arthur Wakerley ndiye aliyeichora, na vigae vyake vya rangi vilitoka katika viwanda vya Royal Doulton. Kwa kuwa Waingereza humwita bata mzinga kwa jina lile lile la nchi ya Waturuki, msanii alicheza na pande zote mbili: matao ya Kimashariki yakabeba picha kubwa ya bata mzinga aliyetandaza mkia, na wenzake wa kuchongwa wakasimama chini kulinda mlango. Mashariki ile ilikuwa ya kubuni tu, wala hakuna Mturuki aliyeulizwa.

Zama za vita na mgawo wa vyakula hazina mengi ya kusimuliwa kuhusu ladha. Yatosha kusema kwamba mwaka 1948 wauza nyama wa Leicester, kina Walker, walipokosa nyama ya kuuza kwa sababu ya mgawo, walianza kukaanga vipande vyembamba vya viazi, na biashara hiyo ikaja kuenea Uingereza nzima.

Mashariki ya kweli iliwasili kwa njia ya Afrika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Wahindi, wengi wao Wagujarati, walikuwa wakihamia kutoka Kenya, na Tanzania pia. Kisha mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na watu wapatao 28,000 wakaingia Uingereza. Baraza la mji wa Leicester, kwa hofu, lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwaonya wasije, kwani nyumba, shule na huduma za afya zimekwisha kujaa. Walikuja kwa maelfu, na husemwa kwa mzaha kwamba tangazo lile ndilo lililowajulisha wengine kuwa mji huo upo. Walikuta katika Belgrave Road nyumba za bei ya chini na maduka yaliyofungwa. Watu waliokuwa na maduka Kampala na Jinja, na sasa wamekuwa vibarua viwandani, wakaanza tena taratibu kuuza walichokijua.

Mwaka 1976 ulifunguliwa mkahawa wa Bobby's, uliopewa jina la filamu ya Kihindi, na ambao hauuzi nyama wala samaki. Humo na kwa majirani zake utakuta gathia, dhokla, kachori, jalebi na ladu. Na mtu wa Mombasa au Dar es Salaam atashangaa kuona muhogo wa kukaanga uliopakwa pilipili umeandikwa katika orodha kana kwamba asili yake ni Gujarat. Kwa maoni yangu, sahani hiyo ndiyo hati ya kuaminika kuliko zote ya safari ya watu hawa, kwani babu zao hawakuivusha kutoka Bara Hindi; waliikuta pwani yetu wakaipenda. Waislamu waliotoka Afrika Mashariki nao walileta mishkaki na kuku wa kupaka, vinavyopatikana zaidi upande wa Evington Road, mbali na meza za wala mboga.

Ajaye leo kwa garimoshi huipokea historia hii kwa mpangilio wake bila kuongozwa: sanamu ya Cook iko nje ya stesheni, Granby Street inamfikisha kwa bata mzinga, na akiendelea kaskazini kupita Mnara wa Saa ataingia Belgrave Road. Namshauri asishibe njiani. Akija siku za Diwali, ambayo taa zake zimewashwa barabarani humo tangu mwaka 1983, asitumaini kupata kiti. Anunue bajia dirishani, ale amesimama pamoja na umati.